Quad9 kwenye ruta ya nyumbani: miezi nane baada ya virusi kutusumbua

Naandika haya maoni nikimfikiria mtu ambaye kompyuta yake imesafishwa virusi wiki iliyopita, hela ya fundi ameshalipa, na leo asubuhi vimerudi. Mimi nilikua hapo hapo mwaka jana. Ninachokiongelea kinaitwa Quad9, ni huduma ya bure inayozuia vifaa vyako kufungua tovuti za wezi, unaiweka kwenye ruta kwa kuandika namba 9.9.9.9, haichukui hata dakika tano. Ila nasema mapema kabisa, ukiiweka hiyo peke yake bila kusafisha nyumba kwanza haikusaidii kitu, kwahiyo ntaeleza na yale mengine tuliyofanya, mana thamani ya hii huduma nimeijua kupitia hayo.

Nina steshenari Mbagala, fremu ipo mbele ya nyumba hiyo hiyo tunayoishi. Intaneti ni moja. Ruta ya laini imekaa sebuleni dirishani ndo inapokamata mnara vizuri, na hiyo hiyo inalisha kompyuta mbili za dukani, laptopu ya mume wangu, simu zetu, simu ya binti yangu wa kidato cha tatu, tv na kamera ya getini. Kazi zangu ni zile zile za steshenari zote, kuprinti, kopi, kuchapa barua, mitihani ya walimu, msimu wa mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo, ukifika vijana wanajaa, kuna wa Ajira Portal, wa TIN ya TRA, wa NIDA. Yani kwa siku naweza kuchomeka flashi ishirini au thelathini za watu nisiowajua, na watu hao hao wanakaa kwenye kiti changu wanaandika paswedi zao kwenye kibodi yangu. Hilo la mwisho ndo linaniuma mpaka leo.

Ilianza na flashi ya mwalimu. Alikuja na mtihani wa darasa la sita anataka kopi themanini, kuna watu wanne nyuma yake, nkaichomeka, nkaona folda zake zote zina kale kamshale kadogo kwenye kona ya chini kushoto. Wenye steshenari mnakajua hako kamshale. Folda halisi linakua limefichwa, unaloliona ni njia ya mkato tu, ukilibofya linakufungulia mafaili yako kama kawaida lakini nyuma yake limeshawasha kirusi kikajinakili kwenye kompyuta, na kuanzia hapo kila flashi itakayochomekwa inapata kamshale kake. Mimi nkabofya, mana mtihani unatakiwa na mwalimu ana haraka. Nilikua nishazoea, jioni nafungua ile skrini nyeusi naandika attrib na herufi zake zile, mafaili yanatokea, nafuta mishale, nalala. Sikujua kwamba kuyatoa mafaili mafichoni ni kitu kimoja na kukitoa kirusi kwenye kompyuta ni kitu kingine kabisa.

Baada ya wiki mbili hivi kompyuta ikawa nzito, Chrome ikawa inafungua kurasa za kubeti zenyewe, zinakuja kurasa za "brauza yako imepitwa na wakati bonyeza hapa", na mteja mmoja akanipigia akasema barua pepe yake imefunguliwa na mtu mwingine usiku. Nkapeleka kwa fundi. Akafomati, elfu ishirini na tano. Siku ya nne zile kurasa zikarudi. Nkampelekea tena, akafomati tena, akaniambia nimeendekeza flashi chafu. Sikumbishia, kweli flashi chafu ninazo, ila moyoni nkawa najiuliza mbona laptopu ya mume wangu haijawahi kuguswa na flashi ya mteja na yenyewe inafungua kurasa za kubeti.

Aliyegundua ni binti yangu. Jumamosi moja kakaa na simu yake analalamika kuna matangazo mabaya yanamtokea akifungua ukurasa wa masomo, afu akasema, "Mama, mbona nikizima waifai nikiweka bando langu yanaacha?" Tukajaribu. Akiwasha waifai yanakuja, akizima hayaji. Tukachukua simu yangu, vile vile. Simu haijawahi kuchomekwa flashi. Hapo ndo nikampigia mdogo wangu, yupo Dodoma anafanya kazi za mitandao, nkamweleza, akanyamaza kidogo afu akasema, "Dada, hiyo sio kompyuta tena. Ni ruta. Zima kila kitu kwanza, ntakupigia usiku."

Naomba hapa nieleze taratibu mana ndo kiini cha yote. DNS ni kama kijana wa bodaboda kijiweni, wewe unajua jina la mahali, yeye ndo anajua njia. Ukiandika jina la benki au la gmail, kifaa chako hakijui namba ya seva yake, kinauliza DNS, kinapewa namba, kinaenda. Sasa kama mtu ameingia kwenye ruta yako akabadilisha njia iwe inaulizwa kwa nani, vifaa vyote vya nyumba nzima vinauliza njia kwa mwizi. Siku nyingi atakupeleka sehemu sahihi ili usishtuke, siku nyingine anakupitisha kwake. Unaweza kufomati kompyuta mara kumi, ikiwaka tu inaunganishwa kwenye ruta ile ile inapewa njia zile zile. Na ruta yangu ilikua na jina la mtumiaji admin na paswedi admin tangu siku naitoa kwenye boksi, kwahiyo kirusi kilichokua ndani ya kompyuta hakikuhitaji ujuzi mkubwa kuingia.

Na sio kitu kipya. Kuna kirusi kinaitwa DNSChanger kilifanya kazi hiyo hiyo miaka ya nyuma, mwaka 2011 FBI na polisi wa Estonia waliwakamata waliokua nyuma yake, kompyuta kama milioni 4 kwenye nchi zaidi ya 100 zilikua zimeguswa, na ikabidi seva za mbadala ziendeshwe mpaka tarehe 9 Julai 2012 ili watu wasikatikiwe intaneti ghafla, mana mashine zao zilikua zinauliza njia kwenye seva za wezi bila wao kujua. Hicho nacho kilikua kinajaribu kuingia kwenye ruta kwa paswedi zile za kiwandani. Mdogo wangu ananielezea hivyo usiku ule nawaza ruta yangu dirishani na admin yake.

Tulifanya usafi Jumapili, duka nimefunga. Kwanza tukaondoa vifaa vyote kwenye waifai, vyote, hata tv. Kwenye laptopu ya mume wangu tukaanza na uskani wa Microsoft Defender Offline, upo ndani ya Windows yenyewe kwenye sehemu ya usalama, kompyuta inajizima inawaka upya na kuskani kabla Windows haijaamka, inachukua kama robo saa. Uzuri wake ni kwamba kirusi kinakua hakijapata nafasi ya kuwaka na kujificha. Afu tukapitisha Malwarebytes ya bure. Hiyo ni nzuri kwa kusafisha, ila muelewe ya bure haikai mlangoni kulinda, ile siku 14 za majaribio zikiisha inabaki ya kuskani pale unapoiambia wewe.

Kompyuta za dukani ndo zilinitoa machozi. Mdogo wangu aliniambia nifungue orodha ya vitu ambavyo Defender imeambiwa isiviguse. Nkafungua. Kulikua na mstari mmoja tu, umeandikwa C:\. Yani diski nzima. Antivirusi ipo, alama ya kijani ipo, na imeambiwa isiangalie chochote. Akaniuliza Windows hii imewekwa kwa kreki? Nkasema sijui, alifomati fundi. Tukakuta ile programu ya kuamsha Windows bila kulipa ipo palepale, na programu za aina hiyo kawaida yake wakati wa kuziweka unatakiwa uzime Defender. Na kompyuta ile chini ina stika, leseni yake ipo kwenye bodi tangu ilipotoka kiwandani, haikuhitaji kreki yoyote. Nililia kwa kweli, nimewaza vijana wote waliokaa pale wakajaza fomu za mkopo wakiona ile alama ya kijani.

Hatukuskani tena, tukafuta. Tukachukua flashi mpya ya GB 8, tukaenda kwa jirani mwenye kompyuta safi, tukashusha Windows kutoka kwa Microsoft wenyewe, tukaweka upya, ilipopata intaneti leseni ikajirudia yenyewe. Ushauri wangu kwa mwenye biashara, fundi akikufomatia kompyuta muulize Windows ameitoa wapi, na mwambie mbele yako afungue hiyo orodha.

Ruta ilikua ya mwisho na ndo ilitakiwa iwe ya kwanza. Kwa nyuma kuna katundu kadogo, unachomeka kijiti cha meno unabonyeza kwa sekunde kama kumi mpaka taa zote zizime ziwake upya. Hapo inarudi kama ilivyotoka dukani na uchafu wa mwizi unaondoka, ila na paswedi inarudi admin admin, kwahiyo usikiruhusu kifaa chochote kiingie kabla hujaibadilisha. Niliunganisha laptopu iliyosafishwa peke yake kwa waya, nkaandika 192.168.1.1 kwenye brauza, ndo anwani ya ukurasa wa setingi za ruta, nkaingia. Paswedi ya kuingilia ruta tukaweka ndefu, nimeiandika kwenye daftari la mauzo ukurasa wa mwisho, sio kwenye kompyuta. Tukaapdeti programu ya ruta yenyewe. Tukazima WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa bila kuandika paswedi ya waifai, tukazima uwezo wa kuisimamia ruta kutoka nje. Jina la waifai jipya, paswedi mpya, aina ya ulinzi WPA2. Ndo sasa tukafika kwenye sehemu ya DNS, na hapo ndo Quad9 inaingia.

Quad9 ilianza kutoa huduma kwa watu wote Novemba 2017, ilianzishwa kwa ushirikiano wa IBM, Packet Clearing House na Global Cyber Alliance, na tangu 2021 makao yake yapo Zurich, Uswisi. Ni shirika lisilo la faida. Inachofanya ni kazi ile ile ya bodaboda wa kijiweni, inakuelekeza njia, ila ina orodha ya sehemu zinazojulikana kuwa za wezi, orodha inayokusanywa kutoka kwa kampuni nyingi za usalama wa mitandao, na ukiuliza njia ya kwenda huko inakujibu hiyo sehemu haipo. Basi. Hakuna programu ya kushusha, hakuna akaunti, hakuna namba ya simu, na wanasema hawahifadhi anwani ya IP, yani namba ya mtandao ya anayeuliza. Kwenye kisanduku cha kwanza unaandika 9.9.9.9 na cha pili 149.112.112.112.

Hapo kwenye cha pili watu wengi wanakosea na mimi nilitaka kukosea. Nilizoea kusikia 8.8.8.8 ya Google nkasema niweke hiyo kama akiba. Mdogo wangu akakataa, mana vifaa vinaweza kuuliza yoyote kati ya hizo mbili, na ile ya Google ni nzuri kwa kazi yake lakini haizuii kurasa za wezi, kwahiyo unakua umeweka mlango wa chuma mbele na nyuma pazia. Vile vile msichanganye na 9.9.9.10, hiyo ni ya Quad9 hao hao ila ni kwa wasiotaka kuzuiliwa kitu. Na kwenye ruta nyingi DNS inaandikwa sehemu mbili, upande wa laini inayotoka nje na upande wa DHCP ambao ndo unagawa kwa vifaa vya ndani, angalia pote. Ukimaliza zima na uwashe kila kifaa. Kwenye kompyuta nkafungua ile skrini nyeusi nkaandika ipconfig /all, na kwenye mstari wa DNS, kabla ya usafi palikua na namba mbili ambazo hatukuweza kuzihusisha na mtandao wetu wa simu wala na mtu yeyote tunayemjua, sasa ikasoma 9.9.9.9. Nkaingia on.quad9.net nayo ikasema ndiyo, unatumia Quad9. Nilipiga picha ile skrini.

Sasa miezi nane. Kasi sijaona tofauti yoyote, kurasa zinafunguka kama kawaida, HESLB, TRA, benki, YouTube, havijawahi kugoma kwa sababu yake. Zile kurasa za kubeti na za brauza imepitwa na wakati hazijatokea tena hata mara moja kwenye kifaa chochote, ila nisiwadanganye, hiyo ni sifa ya kuisafisha ruta zaidi kuliko ya Quad9. Sifa yake yenyewe niliiona mwezi wa tatu. Mama mmoja alikuja na linki aliyotumiwa kwenye grupu la WhatsApp, mkopo wa bure kwa akina mama, anataka nimjazie fomu na namba ya NIDA na namba ya simu mkononi kaandika kwenye karatasi. Nkafungua, ukurasa hauji. Nkajaribu kompyuta ya pili, hauji. Mama akasema labda mtandao, kwenye simu yake yenye bando ukafunguka vizuri kabisa na nembo juu yake. Kwenye tovuti ya Quad9 kuna sehemu ya kuuliza kama jina fulani wamelizuia, nkaandika lile jina, wamelizuia. Nkamuonyesha. Akaikunja ile karatasi akaiweka kwenye kanga akanishukuru, tukaituma ile meseji na namba iliyomtumia kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Lakini hapo hapo ndo ninapoona kasoro yake. Haikuambii imezuia. Unachokiona ni ukurasa usiopatikana, kama vile intaneti imekata, na mtu asiyejua anaweza kuhangaika na ruta nzima wakati amelindwa. Ningependa kuwe na maneno mawili tu ya kumwambia mtu usiende huko. Mimi sasa hivi nishazoea, ukurasa mmoja ukigoma na mingine inafunguka, naenda kuuliza kwao kwanza.

Na kuna vitu haifanyi kabisa, mvijue kabla. Haiskani kompyuta. Haizuii virusi vya flashi kuingia, mana flashi haiulizi njia kwa mtu. Haizuii faili la apk, yani la kuweka programu kwenye simu ya Android, mtu alilokutumia WhatsApp. Inaweza tu kukata mawasiliano ya kirusi na bosi wake kama jina la seva ya bosi lipo kwenye orodha, na hiyo sio kidogo, ila haitoshi. Haizuii matangazo ya kawaida. Haizuii picha chafu, na kama una watoto na hilo ndo unalolitafuta basi Cloudflare wana 1.1.1.3 ya bure pia, inazuia vyote viwili, virusi na mambo ya watu wazima, na 1.1.1.2 inazuia virusi tu, walizitoa Aprili 2020. Nimezijaribu zote mbili wiki moja moja, zinafanya kazi vizuri, nimerudi Quad9 kwa sababu ni shirika la kazi hiyo na nimewaamini. Mwenye watoto wadogo aanze na ile ya 1.1.1.3, hata sibishani.

Kingine, mtoto akitoka kwenye waifai akaweka bando, ulinzi wa ruta unaishia mlangoni. Kwa Android kuanzia toleo la 9 kuna sehemu kwenye setingi inaitwa Private DNS, andika dns.quad9.net, hapo anatembea nayo popote, kwenye bando, kwenye waifai ya shule, popote. Simu zote za nyumba nimeweka. Hii pia ndo njia ya wale ambao ruta yao imefungwa na kampuni ya mtandao hairuhusu kubadilisha DNS, wekeni kwenye kila kifaa kimoja kimoja, kwenye Windows nako inawezekana.

Tuligawa na mtandao. Ruta yangu inaruhusu waifai ya wageni, kwahiyo kompyuta za duka na printa zipo kwenye waifai yao, na simu zetu, laptopu na tv zipo kwenye nyingine, haziwezi kuonana. Kuna usumbufu, mume wangu akitaka kuprinti hawezi kutuma kutoka kitandani kama zamani, ananitumia kwa barua pepe, nimeona ni bei ndogo. Kamera ya getini nimeipeleka upande wa duka na nimebadilisha paswedi yake ya kiwandani. Wasiobadilisha wasome kuhusu kirusi cha Mirai cha 2016, ilikua inazunguka intaneti na orodha fupi ya paswedi za kiwandani inajaribu kwenye kamera na ruta za watu, na kwa vifaa hivyo vidogo vya majumbani Oktoba ile wakaangusha Dyn, kampuni ya DNS, tovuti kubwa za Marekani zikawa hazifunguki.

Paswedi nilibadilisha zote, kutoka kwenye simu safi, sio kwenye kompyuta, na kwenye gmail nkatoa vifaa vyote vilivyokua vimeingia nkaweka uthibitisho wa hatua mbili, na kwenye WhatsApp nkafungua vifaa vilivyounganishwa nkaondoa vyote. Hili la kutoa vifaa msiliruke. Virusi vya siku hizi havichukui paswedi tu, vinachukua na vile vibali ambavyo brauza inavihifadhi ili usiombwe paswedi kila mara, na mwenye kibali anaingia bila kuuliza.

Afu ikabaki kazi ngumu kuliko zote. Nina daftari la wateja wa msimu wa mkopo, majina na namba za simu. Kuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, lakini hata isingekuwepo wale ni watoto wa majirani zangu. Nilipiga simu siku tatu. Nilikua nasema, mwanangu, uliingia kwenye akaunti yako dukani kwangu, kompyuta yangu ilikua na virusi sikujua, naomba ubadilishe paswedi leo, ukishindwa njoo nikusaidie bure. Wawili walinijibu vibaya na walikua na haki. Wengi walikuja.

Kwa Quad9 natoa nyota nne na nusu, ile nusu nimeikata kwa kutoniambia imezuia. Gharama sifuri, dakika tano, na imekaa miezi nane bila kunisumbua. Duka nimelirudisha taratibu, na ile kompyuta ya zamani ambayo haikubali Windows 11, mana Windows 10 Microsoft walisitisha msaada wake tarehe 14 Oktoba 2025, mdogo wangu alipokuja likizo aliiwekea Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, na tukaifanya ya kupokelea flashi. Flashi ya mteja haigusi kompyuta nyingine yoyote kabla haijapita pale.

Wiki iliyopita yule mwalimu amerudi, mtihani wa muhula huu, kopi themanini na tano. Nkaichomeka pale. Kale kamshale kapo, ila kwenye Linux ni kafaili tu kanakaa hakana cha kuwasha, na pembeni yake folda zake zote zinaonekana wazi, hazijafichika. Nikamgeuzia skrini nkamwambia, "Mwalimu, ona hiki hapa, na shuleni kompyuta yenu ipo moja inayokupa hiki." Akavuta kiti akakaa, tukaanza kuifuta pamoja.